Amri Inayotoka Ndani ya Nyumba

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Wiki hii nataka tukitazame kile kijisanduku chenye taa zinazomulika, ambacho wengi wetu wa mijini tumekiweka juu ya kabati ili nyumba nzima ipate intaneti. Mafundi hukiita ruta.

Kazi yake mojawapo ni kuielekeza kompyuta mahali pa kuulizia anwani. Unapoandika jina la tovuti ya benki, jina hilo hugeuzwa kuwa namba, kama tulivyokuwa tukitafuta namba katika kitabu cha simu. Mhalifu akikibadilisha kitabu hicho, unaweza kupelekwa kwenye benki ya bandia, ukaandika neno lako la siri bila wasiwasi.

Atakibadilishaje naye yuko nje? Hapo ndipo penye hila. Ruta nyingi hukataa amri za kutoka nje, lakini huiamini kompyuta iliyo ndani. Mhalifu hutega ukurasa wenye maagizo yaliyofichwa. Ukiufungua, ni kompyuta yako mwenyewe inayoiamuru ruta kubadilisha kitabu. Ruta ikidai neno la siri, na neno hilo bado ni lile la kiwandani, kama "admin", mhalifu analijua tangu zamani.

Watafiti wa kampuni ya Symantec na Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, walitoa onyo hilo mwaka 2007. Mwaka 2008 hila ya namna hiyo iliwalenga wateja wa benki nchini Mexico. Mwaka 2014 ilikuwa zamu ya Brazil: watu walitumiwa barua-pepe za ulaghai, na ukurasa uliofunguka ukabahatisha maneno ya siri ya kiwandani.

Ubaya wake ni kwamba kompyuta yenyewe inaweza kuwa haina kirusi chochote. Kilichopotoshwa ni ruta, na kila simu inayoitegemea hupotea nayo.

Nimewauliza majirani kadhaa. Neno la siri la Wi-Fi wanalijua. La kuingilia kwenye mipangilio ya ruta hawajui hata kama lipo. Basi hilo la pili ndilo la kubadilisha leo. Mwombeni fundi pia aiwekee ruta programu mpya kutoka kwa mtengenezaji. Na kompyuta ikionya kwamba utambulisho wa tovuti ya benki una kasoro, msiendelee mbele.

Fundi aliyefunga ruta alikwisha ondoka. Ufunguo aliouacha mlangoni ni juu yetu kuutoa.