Saratani ya tumbo na upasuaji wa matundu madogo: Tuulize kabla ya kisu

Katika familia nyingi za Mbeya na Iringa, mgonjwa anapoambiwa ana saratani husikika kauli hii: "Msikubali apasuliwe, maradhi hayo yakiguswa na kisu husambaa." Siku hizi imezuka kauli ya pili, iliyo kinyume chake: kwamba upasuaji wa matundu madogo, kwa kuwa hauachi kidonda kikubwa, ni bora kwa kila mgonjwa. Sisi tulio katika kamati za misikiti huzisikia zote mbili yanapoletwa maombi ya michango ya matibabu. Kila moja ina chembe ya ukweli, na kila moja yaweza kuangamiza mtu.

Hofu ya kisu si ngeni. Abul-Qasim al-Zahrawi, tabibu mpasuaji wa Andalusia aliyefariki mwaka 1013, alifundisha kuwa saratani changa, iliyo mahali inapoweza kuondolewa yote, ikatwe. Ile kubwa na kongwe iachwe. Hakukataza kisu. Alichozingatia ni wakati.

Katika upasuaji wa matundu madogo, daktari hutoboa tumbo sehemu chache, hulijaza gesi ya kaboni dayoksaidi ili apate nafasi, kisha huingiza kamera na vyombo vyembamba. Maumivu huwa machache na mgonjwa hurudi kazini mapema. Kwa mkulima ambaye msimu haumsubiri, hiyo ni neema. Lakini uvimbe wa saratani ni mfano wa gunia la mbegu. Likipasuka ndani, mbegu zaweza kuota kwenye utando wa tumbo, au katika matundu yenyewe.

Jambo hilo liliwatisha madaktari mapema. Mwaka 1994 madaktari wa Uholanzi waliripoti kuwa kati ya wagonjwa 14 wa saratani ya utumbo mpana waliopasuliwa kwa njia hii, 3 waliota saratani kwenye matundu. Badala ya kubishana, wataalamu walipima. Utafiti uliofanyika Marekani na Kanada, ukatangazwa mwaka 2004, uliwafuatilia wagonjwa 872 wa utumbo mpana. Baada ya miaka 3, saratani ilikuwa imerudi kwa asilimia 16 ya waliopasuliwa kwa matundu na asilimia 18 ya waliofunguliwa tumbo. Iliyoota kwenye kidonda haikufika asilimia 1 kwa kundi lolote. Mikono ilikuwa imezoea, na uvimbe ulitolewa bila kupasuliwa.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kusema kuwa matundu ni salama. Mwaka 2018, utafiti wa wanawake 631 wenye saratani changa ya mlango wa kizazi, katika hospitali 33 za nchi mbalimbali, ulileta jibu jingine. Baada ya miaka 4 na nusu, asilimia 96.5 ya waliofunguliwa tumbo walikuwa hai bila saratani kurejea. Kwa waliopasuliwa kwa matundu ilikuwa asilimia 86. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake. Wataalamu wanadhani chombo kinachosukuma kizazi, pamoja na namna uvimbe unavyofunuliwa ndani ya tumbo, huenda vilimwaga chembe za saratani.

Habari hii inatuhusu moja kwa moja, kwa kuwa saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Mikoa yetu pia ina maambukizi makubwa ya VVU, nayo VVU huongeza hatari ya saratani hiyo. Basi familia isiuze shamba ili kumtafutia mama upasuaji wa matundu kwa kudhani ndio wa kisasa. Kwa saratani hii, kidonda kikubwa ndicho kilichookoa wengi zaidi. Nayo iliyokwishakomaa hutibiwa kwa mionzi, ambayo kwa muda mrefu imewalazimu wagonjwa wetu kusafiri hadi Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya.

Kwa hiyo, kabla ya kutia saini, mgonjwa au mlezi wake amuulize daktari: Saratani iko kwenye kiungo gani, na imefikia hatua gani? Kwa kiungo hiki, njia ipi imethibitika? Uvimbe utatolewa mzima, ndani ya mfuko, au utakatwakatwa tumboni? Je, wewe umeizoea njia hii? Kuuliza si kumkosea adabu daktari. Kutafuta tiba ni mafundisho ya Mtume wetu (s.a.w.), na kuuliza wenye ujuzi ni sehemu ya kutafuta.

Kilicho bora kuliko njia zote mbili ni kuwahi. Kipimo cha mlango wa kizazi kwa kupaka siki huchukua dakika chache, na chanjo kwa mabinti ilianza kutolewa nchini kote mwaka 2018. Waume wawaruhusu wake zao, bali wawasindikize. Binti asifichwe siku ya chanjo. Gunia la mbegu lililoonekana likiwa dogo hutolewa kabla halijapasuka.

Allah awape shifaa wagonjwa wetu. Amin.