Mbwa wako anakula ugali kila siku? Haya ndiyo mambo ya kuangalia

Jioni sufuria inakwanguliwa, ukoko unamwagiwa mchuzi uliobaki, mbwa anaitwa. Katika nyumba nyingi Tanzania, huo ndio mlo wa mlinzi wa geti kuanzia Jumatatu hadi Jumapili.

Je, ugali unamfaa mbwa? Jibu fupi: unamfaa, ila peke yake hautoshi. Na kama unga ulikuwa na ukungu, unaweza kumuua.

Shida si wanga, ni protini

Mwaka 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, walionyesha kwamba mbwa wa kufugwa ana nakala nyingi zaidi za jeni ya kumeng'enya wanga kuliko mbwa mwitu. Miaka mingi ya kula makombo ya binadamu imemzoesha.

Lakini mahindi yana protini kama asilimia 8 hadi 10 tu. Viwango vya Marekani vinataka chakula cha mbwa mzima kiwe na angalau asilimia 18, na cha mtoto wa mbwa au jike mwenye mimba asilimia 22.5, kwa hesabu ya chakula kikavu. Ndiyo maana mbwa wa ugali mtupu anashiba kila siku lakini bado anakonda na manyoya yanafifia.

Dagaa wanaokoa

Zaidi ya nusu ya uzito wa dagaa wakavu ni protini, na kwa kuwa wanaliwa na mifupa yao, mbwa anapata pia madini ya kalisi. Kama ni wa chumvi, waoshe kwanza. Mayai ya kuchemsha, utumbo na mapupu navyo vinafaa, mradi vimepikwa.

Kwa nini vipikwe? Maini na mapupu mabichi ya ng'ombe, mbuzi au kondoo yanaweza kuwa na vifuko vya maji vyenye vimelea vya minyoo tegu. Mbwa akivila, minyoo inakua tumboni mwake na mayai yanatoka na kinyesi. Mtoto akimshika mbwa huyo kisha akala bila kunawa, anaweza kuyameza, na uvimbe ukakua kwenye ini au mapafu yake kwa miaka bila dalili. Wafugaji wa Turkana, Kenya, wamesumbuliwa na ugonjwa huu kwa miongo mingi.

"Unga umeharibika, mpe mbwa"

Hii ndiyo tabia hatari kuliko zote. Mahindi yenye ukungu yanaweza kuwa na sumukuvu, sumu inayoharibu ini, na kuyapika hakuiondoi.

Mwaka 1981, Machakos, Kenya, watu 12 kati ya 20 waliolazwa baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo walifariki. Mbwa wa eneo hilo nao walikufa. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara.

Mbwa akigoma kula, akitapika, au fizi na macho yakiwa ya njano, usisubiri kesho. Mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Vitu vya kutompa

- Vitunguu, hata vilivyopikwa: vinaharibu chembe nyekundu za damu. Kwa hiyo ule mchuzi wa jana uangalie mara mbili.
- Zabibu, mbichi au kavu: zinaweza kuharibu figo.
- Chokoleti: inaathiri moyo na mishipa ya fahamu.
- Mifupa ya kuku iliyopikwa: inavunjika vipande vyenye ncha kali na inaweza kutoboa utumbo.

Mara ngapi kwa siku?

Mtoto wa mbwa aliyeachishwa kunyonya ale mara tatu au nne kwa siku. Mzima mara mbili zinamtosha. Maji safi yawepo muda wote, hasa kwa mbwa anayefungwa mchana.

Kwa mfugaji asiye na hela ya chakula cha dukani, ugali uliochanganywa na dagaa au utumbo uliochemka, na boga au karoti kidogo, ni hatua kubwa kuliko ukoko na mchuzi.

Kuhusu unga, kipimo ni rahisi: ule ambao usingewasongea watoto wako, usimsongee mbwa.