Ng'ombe Gani Anafaa Kuwa Mama wa Ndama wa Nyama?

Mfugaji anayeingia katika ufugaji wa nyama mara nyingi huanza na dume. Huulizia bei ya mbegu ya Simmental, hutazama picha za Charolais mwenye mapaja yaliyojaa, kisha majike hununua wowote atakaowakuta mnadani. Hapo ndipo hasara inapoanzia. Damu ya ndama hutoka nusu kwa baba na nusu kwa mama, lakini tumbo lililombeba, maziwa anayonyonya na ulinzi anaoupata mpaka aachishwe vyote ni vya mama.

Hesabu yake ni kali. Mimba ya ng'ombe huchukua takriban siku 283, na kwa ng'ombe wenye nundu huongezeka siku chache. Jike anayetakiwa kutoa ndama kila mwaka, basi, ana siku zipatazo 80 tu tangu azae hadi ashike mimba nyingine. Ndani ya siku hizo kizazi hurudi katika hali yake, kazi inayochukua mwezi na zaidi, na wakati huohuo ananyonyesha. Joto humjia kila baada ya siku 21 hivi. Likipita mara moja au mbili bila kupandwa, mwaka umeshampita. Anayepitwa zaidi ni yule aliyekonda, kwa sababu mwili wenye njaa hutanguliza uhai na maziwa, na uzazi husubiri.

Ndiyo maana ukubwa wa jike hauna budi kupimwa kwa nyasi. Ng'ombe hula kwa siku chakula kikavu kinachokaribia asilimia 2.5 ya uzito wake. Jike wa Boran, mbegu ya kwetu yenye nundu, wa kilo 400 anahitaji kilo 10 hivi. Jike wa Charolais wa kilo 700 anahitaji kilo 17 na ushee. Ufaransa, kwenye mvua na majani yaliyohifadhiwa kwa ajili ya baridi, anazipata. Kongwa, Tanzania, au Laikipia, Kenya, wakati wa kiangazi, nyasi zikiwa zimekauka na virutubisho vimepungua, hazipati. Atakonda, hatapata joto, na mwenye kundi atamlisha mwaka mzima bila ndama.

Boran ameumbwa na mazingira ya namna hiyo. Chimbuko lake ni ng'ombe wa Waborana wa kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya, ambao wenye ranchi wa Kenya, hasa Laikipia, waliwachagua na kuwaboresha kizazi baada ya kizazi. Chama cha wafugaji wake kilianzishwa mwaka 1951. Majike huvumilia jua, hutembea mbali kutafuta maji, huzaa kwa urahisi na huwatetea ndama wao mbele ya fisi. Hapa Tanzania, Ranchi za Taifa, ikiwemo ya Kongwa, zimewategemea kwa miaka mingi.

Hata hivyo, Boran wote si sawa. Wale wa jamii ya Orma, karibu na mto Tana, walipolinganishwa na Boran walioboreshwa katika ranchi ya Galana, walionekana kuhimili ugonjwa wa nagana vizuri zaidi. Kwa anayefuga penye mbung'o, tofauti hiyo ina uzito kuliko kilo za mnadani.

Zebu wetu wa asili, kama wale wa Wagogo, Wamasai na wa Tarime, ni wadogo na ndama wao huchelewa kufika uzito wa kuuzwa. Lakini jike wa zebu hula kidogo, huhimili kupe na hukwama kwa nadra wakati wa kuzaa. Mpwapwa, aliyepatikana katika kituo cha utafiti cha Mpwapwa kwa kuchanganya Sahiwal, Red Sindhi, zebu wa hapa na damu nyingine, hutoa maziwa zaidi ya zebu, hivyo anaifaa familia inayotaka kukamua na pia kuuza maksai.

Vipi kuhusu mbegu za Ulaya? Zina nafasi yake, mradi ziingie kwa mpango. Utafiti uliofanywa Nebraska, Marekani, kwa Hereford, Angus na Shorthorn ulionyesha kuwa mama chotara mwenye ndama chotara huachisha uzito wa ndama ulio mkubwa zaidi kwa takriban asilimia 23, kwa kila jike aliyewekwa kwa dume, kuliko kundi la damu moja. Baadaye Boran pia alijumuishwa katika majaribio ya huko. Jambo jingine lililojitokeza linahusu Brahman, ng'ombe mwenye nundu: akiwa baba juu ya mama wa Ulaya, ndama huzaliwa wakubwa, akiwa mama, ndama huzaliwa wadogo. Kwa mwenye majike wa nundu hiyo ni habari njema, ingawa dume wa Charolais kwa mtamba anayezaa mara ya kwanza bado ni hatari. Mtamba apewe dume wa ndama wadogo, kama Boran au Angus. Charolais asubiri majike waliokwisha kuzaa.

Baada ya mbegu, tazama kiwele. Chuchu nene zilizovimba, au kiwele kinachoning'inia hadi magotini, humfanya ndama ahangaike huku akinyonya hewa, na saa zake sita za kwanza ndizo za kupata dang'a inayompa kinga. Jike wa namna hiyo aondolewe hata akiwa na umbo la kupendeza. Vivyo hivyo anayemkimbia ndama wake, na anayekosa mimba misimu miwili mfululizo.

Kwa wafugaji wengi wa nyanda kavu, chaguo la busara ni jike wa Boran, au zebu aliyepandishwa na Boran, mwenye ukubwa wa wastani, huku damu ya Ulaya ikibaki kwa ndama watakaochinjwa. Ukienda kununua mtamba, acha kuuliza uzito wa baba yake kwanza. Uliza mama yake amezaa mara ngapi, na ndama wake wa mwisho yuko wapi.