Fiston Mwanza Mujila: mwandishi anayechekesha pahali pa kulia

Miaka zaidi ya kumi imepita tangu Tram 83 itoke Ufaransa, mwaka 2014, na wapenzi wa riwaya wangali wanamsifu Fiston Mwanza Mujila kwa sababu ileile: anawachekesha pahali walipaswa kulia.

Mzaliwa huyu wa Lubumbashi (1981), anayeishi Graz, inchini Austria, amejenga mji usio na jina ambao mkaaji wa Katanga anautambua mara moja. Kuna treni, machimbo, wageni wanaofuata mali, na baa moja wanamokutana wote usiku. Lucien anataka kuandika. Rafiki yake Requiem anaishi kwa ujanja. Kila mara mazungumzo yanapopata uzito, wanawake wa baa wanayakata kwa kuuliza saa, na si saa wanayotafuta. Msomaji anacheka, kisha anaona haya, maana ni njaa inayouliza.

Si wote wanaofurahi. Wako waliolaumu namna kitabu kinavyowaonyesha wanawake, na lawama hiyo ina uzito: wanaume ndio wanaopewa nafasi ya kuwaza. Hata hivyo kilipata tuzo la Etisalat la 2015.

Waliotaka zaidi walipata La Danse du vilain, mwaka 2020. Humo mna watoto wa barabarani wa Lubumbashi wanaonusa gundi, na Wazaire wanaochimba almasi ng'ambo ya mpaka, Angola, wakati utawala wa Mobutu unaporomoka. Hapo pia watu wanacheka.