Rudisheni Machachari, Papa Mwacheni Apumzike

Niseme mapema niko upande gani ndio tusipotezeane taimu: Machachari irudi kwa tivii. Papa Shirandula isirudi. Ya Papa wafungue stoo tu, watupe epi zote kwa mpangilio tujichekie. Najua hiyo kauli imenipa maadui hapa Kibuyuni, juu hii mada ikiangushwa maskani hata mechi ya Arsenal inasahaulika. Kuna morio mmoja wa dau aliniambia bila Papa hakuna tivii Kenya, akanipa mgongo. Namheshimu. Lakini nimeifikiria hii kitu vizuri na msimamo ni huohuo.

Wasee wa Nairobi sidhani wanajua vile hizo show zilituingia huku chini. Kibuyuni ni jirani ya Shimoni, ukivuka maji kidogo uko Wasini, ukishika barabara ya Lunga Lunga unakaribia Tanzania. Tivii zilikuwa za kuhesabika, zingine zikivutwa na betri ya gari. Taarifa ya habari ya Kiswahili inaanza saa moja usiku, mabuda wanaskiza siasa yao kimya, halafu ikigonga saa moja na nusu Citizen inaachia kipindi. Kila usiku na chake. Tahidi High, Machachari, Papa Shirandula, Mother-in-Law, Inspekta Mwala. Hapo ukumbini watu wameshajaa hadi mlangoni, madogo mbele kwa mkeka, wazee kwa viti, na dogo akisimama mbele ya skrini anavutwa shati hadi chini.

Wamama wa huku wanalima mwani, na hiyo job haina huruma. Maji yanapotoka, hasa siku za bamvua, wako baharini wamejipinda wakifunga mbegu kwa kamba zilizonyooshwa kati ya vigingi. Wakivuna wanaubeba ukiwa mzito wa maji, wanauanika kwa vichanja. Usiku kazi inawafuata hadi nyumbani, kwa sababu kamba lazima ziandaliwe: unatia vitanzi vidogovidogo, kimoja baada ya kingine, nafasi sawa, ndio mbegu ipate pa kushikiliwa. Hiyo kazi tuliifanya tukicheki Machachari. Mikono inajua njia, macho yako kwa Govi, dogo wa ile show. Kitanzi kikilegea mathe anakufinya bila hata kutoa jicho kwa skrini, na mkicheka mnacheka pamoja, wewe, mathe, nyanya na jirani aliyekuja kuazima chumvi akasahau kurudi kwake.

Hiyo ndiyo kitu mafani wanaililia. Wakisema kipindi kirudi, wanamaanisha na lile jopo lililojazana pale lirudi.

Sasa nianze na Papa, juu huyo anauma zaidi. Papa Shirandula ilianza 2007, na stori yake ilikuwa moto tangu siku ya kwanza: buda ni soja wa geti, lakini wife anajua mumewe ni mtu wa ofisi. Anatoka nyumbani amepiga luku ya suti, akifika job anaruka ndani ya uniform. Hebu mcheki huyo mwanaume vizuri. Diani imejaa watu wa aina yake. Msee anaambia kwao yuko hotelini, kwao wanafikiria ni meneja, kumbe anafagia majani kando ya swimingi puli, na sizoni ikilala anatumwa nyumbani bila mshahara. Anaogopa kusema. Papa alitufungulia hiyo aibu bila kutudharau, tukacheka tukijua tunamcheka mjomba wetu aliyekaa hapohapo kwa kiti.

Na tulikuwa na mtu wetu ndani. Otoyo, yule aliyekuwa akivunja mbavu na lafudhi ya Kijaluo, ni Kazungu Matano, mtu wa Pwani. Madogo wengi huku walikataa kuamini hadi walipomskia akiongea kawaida. Kwangu hiyo ilikuwa kubwa, juu ilinionyesha kwamba unaweza kutoka huku, ukaingia kwa show ya taifa, na ukaibeba.

Charles Bukeko, Papa mwenyewe, alituacha Julai 18, 2020, katikati ya korona, siku ambazo hata mazishi yalikuwa ya haraka na watu wachache. Show ikasimama. Wapo wanaosema wahusika wengine bado wapo, Wilbroda yupo, Njoro yupo, Awinja yupo, watafute tu mwili mwingine wavishe uniform. Mimi nasema zii. Kila sini ya ile show ilianzia kwa hofu ya mtu mmoja anayeficha job yake, na ile sura ya Bukeko akinaswa karibu na uongo, macho yakizunguka, shingo ikizama kwa kola, haina mrithi. Marekani walikutana na hali kama hii. Dallas, drama ya familia iliyotamba kuanzia 1978 hadi 1991, ilirudishwa 2012 na wazee wake walewale pamoja na watoto wao. Mwaka huohuo Larry Hagman, aliyekuwa J.R., akafariki. Hawakumtafutia mbadala. Walimzika J.R. ndani ya stori, wakaendelea bila yeye, na 2014 ikazimwa. Heshima walimpa, na hiyo naikubali. Lakini inaonyesha show iliyosimama juu ya mtu mmoja ikimpoteza huwa inabaki na siku za kuhesabu.

Machachari ni kesi tofauti kabisa, na hapa ndipo naomba wasee wa Papa wanipe sikio.

Ile ilikuwa show ya madogo. Baha, aliyechezwa na Tyler Mbaya. Govi, aliyechezwa na Malik Lemmy, na ule mdomo wake wa kuuza stori. Mama Baha, Wanjiku Mburu, mathe aliyekuwa anaweza kukutandika na kukulisha kwa dakika ileile. Tulianza kuwacheki wakiwa wadogo kama sisi, miaka ya mwanzo ya 2010, na tukakua nao. Sauti zao zilivunjika kwa skrini wakati zetu zinavunjika ukumbini. Kibuyuni hapa ukiskia kijana wa miaka ishirini na kitu anaflow Sheng safi na hajawahi kulala Nairobi hata usiku mmoja, jua alifunzwa na Govi. Wazee walilalamika tunaharibu Kiswahili, halafu nao wakaanza kusema "rada" wakidhani hatuskii.

Madogo wale sasa ni watu wazima. Hiyo ndiyo sababu show inaweza kurudi bila kudanganya mtu. Hakuna wa kubadilishwa sura. Stori iendelee tu pale maisha yalipofika: Baha akiwa buda, Govi akiwa bado anatafuta njia ya mkato, Mama Baha akiwa nyanya anayebishana na mkwe kuhusu malezi. Wamarekani walifanya hivyo na Full House, iliyoisha 1995. Mwaka 2016 Netflix ikairudisha kwa jina la Fuller House, wale watoto wa zamani wakiwa ndio wazazi, na ikadumu hadi 2020. Waliotegwa na ya kwanza wakiwa madogo waliicheki ya pili na watoto wao kando. Hapa Kibuyuni naona hilo linawezekana kabisa. Mabeste wangu kadhaa wameshakuwa na watoto, na hao watoto hawajawahi kukaa na wazazi wao kwa kipindi kimoja wakacheka kitu kimoja.

Tulipotezaje hizi show? Watu wa maskani wanapenda kulaumu simu peke yake. Simu ina sehemu yake, sikatai: ukumbini sasa kila mtu ameinama na bando lake, dogo kwa TikTok, buda kwa mpira, mathe kwa sauti za chama cha kina mama. Ila kulikuwa na mengine. Februari 14, 2015 Citizen, NTV na KTN zilizimika kwa siku 19 kwenye ugomvi na Mamlaka ya Mawasiliano kuhusu kuhamia dijitali. Zilipowaka tena, tivii ya zamani bila king'amuzi ikawa ni sanduku tu la kuwekea maua. Familia ambazo zilikuwa zinasota zilikatika hapo, na zingine hazijawahi kurudi.

Halafu mtindo wenyewe ukabadilika. Mwaka 2019 ikaja Maria, Yasmin Said akiwa mbele, kila siku ya wiki. Ikafuata Zora 2021, ikiongozwa na Sarah Hassan, ambaye sisi tulimjua kama Tanya wa Tahidi High. Kisha Sultana 2022, Mwanaasha Johari akicheza msichana asiyeona. Nyuma ya hizo wako Lulu Hassan na Rashid Abdalla na kampuni yao ya Jiffy Pictures, na mimi najivunia hiyo kazi kutoka moyoni. Kwa Sultana nilimskia mama wa Pwani akimtolea mtu ukali kwa maneno ambayo nayaskia hapa kisimani. Hilo halikuwa dogo kwa watu waliozoea kuonyeshwa Pwani kama ufuo na mnazi, mtalii akipita.

Lakini stori ya kila siku inataka mtu aliye nyumbani kila siku. Ukikosa siku mbili umepotea, hujui tena nani amemchukulia nani mali. Mama wa mwani hana huo uhuru. Bahari ndiyo inampangia ratiba, na mwili nao una kikomo. Machachari ilikuwa inafungua kesi na kuifunga usiku uleule. Ukikosa wiki hii, wiki ijayo unaingia kama kawaida, na ndio maana nyanya, fundi wa dau na mtoto wa darasa la tatu waliweza kukaa pamoja na kila mtu akaelewa. Wanaopanga vipindi waipime hiyo hesabu vizuri, juu telenovela imewapa watazamaji wengi, ila imewaacha nje watu walewale waliokuwa wanajaza ukumbi.

Kuna jambo la pesa, na fani wa kweli hawezi kuliruka. Mwaka 2021 Omosh wa Tahidi High, Joseph Kinuthia, alitokea kwa kamera akiomba msaada, na Wakenya wakachanga. Niliumia. Huyu ni mtu aliyetuchekesha miaka, sura yake inajulikana kutoka Busia hadi Vanga. Kwa hivyo tukisema show irudi, tuseme pia mikataba irudi ikiwa mipya: mwigizaji alipwe epi ikirudiwa kwa tivii, alipwe ikiwekwa YouTube, na dogo anayeanza apate mtu wa kumsomea karatasi kabla hajatia sahihi. Fani anaweza kulipia. Sisi huku tunanunua bando la siku kucheki vipande vya Papa vilivyokatwakatwa na watu tusiowajua. Hiyo chapaa ingefika kwa waliofanya kazi, hakuna ambaye angelia.

Mimi nikipewa kalamu ya Machachari mpya, najua pa kuanzia. Ningemleta Govi huku. Apande SGR, avuke feri ya Likoni, ashuke Kibuyuni akiwa na wazo la biashara ya mwani ambalo hajalimaliza kichwani, akutane na nyanya Mpemba aliyezaliwa hapa na akazeeka hapa bila kitambulisho. Serikali ilitambua Wapemba kuwa Wakenya 2023. Kabla ya hapo kulikuwa na watu hapa ambao hawakuweza kusajili laini ya simu kwa jina lao, na watoto waliomaliza shule wakakwama kwa sababu ya karatasi ya mzazi. Hiyo ni stori ya familia ikiwa na machozi na vicheko tele, na Govi akijaribu kumsaidia nyanya kupiga foleni ya kitambulisho huku akimuuzia kila aliye kwa foleni kitu fulani, walai, ningelipa kiingilio.

Huku vipaji si shida. Ukanda huu ulikuwa na King Majuto, mtu wa Tanga hapo ng'ambo ya mpaka, aliyefariki Agosti 8, 2018. CD za muvi zake ziliisha makali kwa kurudiwa kwenye vibanda vya video vya huku. Yule mzee hakuhitaji kubadilisha lafudhi ili achekeshe. Vijana wa Kibuyuni wanaomwigiza kwa harusi wananivunja mbavu kuliko wengi ninaowaona kwa skrini, na mama mmoja wa kikundi cha mwani anajua kumwigiza kila mnunuzi aliyewahi kuja kupunguza bei, hadi mikono na miwani.

Kwa hivyo ujumbe kwa stesheni na kwa yeyote mwenye haki za Machachari ni huu. Waiteni Baha, Govi na Mama Baha mezani kwanza kabla hamjaandika chochote, muwaulize wanataka stori iende wapi. Epi za Papa ziwekwe mahali pamoja, kuanzia ya kwanza, na familia ya Bukeko ipate chake. Na odishen za wahusika wapya msizimalizie Nairobi. Fanyeni siku moja Ukunda, siku moja Msambweni, na mtoe tangazo kwa redio za huku mapema. Chagueni siku ambazo si za bamvua ili kina mama nao wapate kuja. Nauli ya kutoka Kibuyuni tutajitafutia.