Kifaa cha Sikioni kwa Mgonjwa wa Ubongo: Kupima si Kukosa Imani

Mgonjwa aliyepasuliwa kichwa anaporejea nyumbani, iwe hapa Makole au kwingineko, wageni huja kumjulia hali, na kila mmoja huja na tiba yake. Huyu atasifu mafuta, yule kombe, na wa tatu kifaa cha umeme alichokiona kikiuzwa. Je, familia itajuaje kipi ni dawa na kipi ni biashara tu?

Tuanze na maradhi yenyewe. Mshipa wa damu ubongoni huweza kudhoofika mahali pamoja ukatutumka mfano wa puto. Ukipasuka, mtu hupatwa ghafla na maumivu ya kichwa ambayo hajapata kuyaonja maishani. Daktari huuziba kwa kibanio kidogo cha chuma, au kwa nyaya laini zipitishwazo ndani ya mishipa. Lakini kuziba si mwisho wa hatari. Damu iliyokwisha kumwagika huuchokoza ubongo, na baina ya siku ya 4 na ya 14 mishipa mingine huweza kujibana hata mgonjwa akapata kiharusi. Ndiyo maana hupewa dawa ya nimodipini kila baada ya saa 4, kwa siku 21.

Ili kupunguza uchokozi huo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, walijaribu njia isiyo ya kisu wala sindano. Kifaa kidogo hubanwa sikioni, nacho hupeleka umeme hafifu kwenye tawi la neva ya vagasi, itokayo ubongoni hadi moyoni na tumboni. Hufanywa hivyo kwa dakika 20, mara 2 kwa siku. Wagonjwa waligawanywa kwa kura: wengine walipewa umeme, wengine walivishwa kifaa kilekile bila umeme. Matokeo ya mwaka 2024 yalionyesha dalili za uchokozi zimepungua kwa waliopewa umeme. Hata hivyo, wagonjwa wenyewe hawakufika 30. Hayo ni matumaini, bado si tiba.

Huenda ukauliza: kumvisha mgonjwa kifaa kisicho na umeme si kumdanganya? La. Yeye au jamaa zake huelezwa mapema kwamba huenda akaangukia kundi hilo, na dawa zake za kawaida hazikatizwi. Wako wanaopata nafuu kwa kupita siku tu. Pasipo kundi la kulinganisha, nafuu hiyo itahesabiwa kuwa sifa ya kifaa.

Jambo hili si geni kwetu. Zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, tabibu Abu Bakr al-Razi aliandika kuwa aliwatoa damu baadhi ya wagonjwa wa homa ya ubongo, na wengine akawaacha kwa makusudi, ili aujue ukweli.

Basi jirani akikuletea kifaa, muulize: kimepimwa kwa watu wangapi? Kililinganishwa na nini? Nani alitoa kibali? Hapa Tanzania, utafiti wa tiba kwa binadamu huombewa kibali kwa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), na mgonjwa ana haki ya kukataa au kujitoa bila kunyimwa matibabu.

Wakati tukingoja majibu, tusimwachishe mgonjwa dawa zake wala mazoezi ya viungo, na tusimsahau kwa dua. Mponyaji ni Allah. Kupima dawa ni katika kutafuta sababu.