Saa Mbili za Ukutani, Saa Tano za Jua

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa mashariki na magharibi. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na maswahaba zake. Amma baad.

Ndugu Waislamu, nyumba nyingi za hapa Dar es Salaam zina kijana aliyeko London kwa masomo au kazi. Mama humaliza Sala ya Magharibi, akampigia mwanawe simu na kumwuliza kama ameswali. Kijana hujibu kuwa hata Alasiri haijaingia. Mama hukata simu akiwa na huzuni, akidhani mwana amekwisha potea. Kabla ya kuhukumu, yatupasa tufahamu.

Saa za Uingereza husogezwa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kurudishwa Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kwa hiyo London huwa nyuma yetu kwa saa mbili wakati wa kiangazi, na saa tatu wakati wa baridi. Hiyo ni hesabu ya wanadamu. Jua lina hesabu yake.

Sisi tuko karibu na ikweta. Mchana wetu haupungui sana saa 11 na nusu wala hauzidi sana saa 12 na nusu mwaka mzima. London iko mbali kaskazini, na kwa kuwa mhimili wa dunia umeinama, mchana wake hufika saa 16 na nusu mwezi Juni, ukashuka hadi chini ya saa 8 mwezi Desemba.

Tuitazame Ramadhani ya mwaka 2016, iliyoangukia Juni. Hapa tulifuturu yapata saa 12:15 jioni. Wakati huo London ilikuwa saa 10:15 alasiri, na kijana alikuwa bado ana swaumu ndefu mbele yake. Alipofuturu saa 3:20 usiku, sisi tulikuwa tumekwisha swali Tarawehe na wengi wetu tumelala. Saa za ukutani zilitofautiana mbili. Magharibi zilitofautiana tano!

Desemba mambo hugeuka. Jua la London huzama kabla ya saa 10 alasiri, dakika chache tu baada ya kuzama la kwetu. Hapo Adhuhuri, Alasiri na Magharibi zote humkuta kijana darasani au kazini, katika muda wa saa nne.

Sheria iko wazi. Surat An-Nisaa, aya ya 103, imetufunza kuwa Sala imewekewa nyakati zake, na nyakati hizo hufuata jua la mahali alipo mja, si la mahali alipozaliwa. Basi kijana yule alisema kweli.

Wazazi wetu, tuwe na jedwali la nyakati za Sala za London ukutani, pembeni ya la kwetu. Tusipige simu baada ya Alfajiri yetu, kwani saa 11 na nusu hapa ni usiku wa manane kule, na simu ya saa hizo hutia hofu. Na badala ya kumshutumu mtoto, tumwulize: “Mwanangu, leo umepata wapi nafasi ya kuswali Alasiri?” Swali hilo humsaidia, shutuma humfukuza.

Wabillahi tawfiq.